Nyumba Iliyokwanguliwa Kwenye Ramani

Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada. Siku ya mwisho nilikuwepo.

Shemeji alikuwa mchora ramani. Asubuhi moja alipewa ramani kuukuu ya bonde la mto ainakili: vilima, mashamba, na kila nyumba ni kimraba cheusi. Tone la wino likaidondokea nyumba moja ya ukingoni mwa mto. Akalikwangua kwa wembe, kama wafanyavyo wachora ramani siku zote. Nyumba nayo ikatoka.

"Usihangaike," mwenzake wa ofisini alicheka. "Mwenyewe alishaoza zamani. Atakushtaki?"

Shemeji akapuliza vumbi, akaendelea na kazi.

Saa sita mchana mwanamke aliingia ofisini, nguo zimelowa hadi kiunoni.

"Baba, nimetoka kuteka maji. Narudi, nyumba siioni."

"Nyumba ipi, mama?"

Akaweka kidole pale palipokwanguliwa.

"Basi mimi na mwanangu tutakaa kwako," alinong'ona, akatoka.

Jioni ile shemeji hakurudi nyumbani. Kesho yake pia. Majirani walimwona akipita mtaani kwetu, huku na huko, akihesabu milango.

Siku ya tatu nilikuwa kwa dada. Shemeji akaja, akasimama mbele yetu mlangoni, midomo imekauka.

"Samahani, mama. Nyumba ya mchora ramani ni ipi?"

"Baba mtoto, acha mzaha," dada alisema. "Ingia."

"Niingie wapi? Naona majani tu. Na mto."

Dada alimvuta. Hakusogea. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Nilimuuliza polepole mambo yalianzaje. Akatueleza ya wembe, ya yule mwanamke, yote. Dada akaniachia mtoto, akakimbia ofisini. Alimpigia magoti yule mwenzake. Safari hii hakucheka. Alibandika kiraka kwenye ramani, akachora kimraba upya.

Mimi nilibaki mlangoni. Ghafla shemeji akapepesa macho.

"Kumbe nimefika," akasema. Akaingia, akalia.

Dada aliporudi akihema, alitukuta chumbani. Nilikuwa nimemlaza mtoto. Shemeji alikuwa ameinama juu ya kitanda, hageuki.

"Mbona wawili?" alinong'ona.

Dada ana mtoto mmoja.

Nilinyoosha mkono, nikapapasa kando ya mtoto. Godoro lilikuwa limebonyea, mahali padogo.

Palikuwa na joto.