Mfuniko wa Tangi la Maji

Msusi alikinga maji ya bomba. Yalikuwa ya kijani na yananuka. Ndani, kitinda mimba wake alikuwa bado anaharisha. Watoto wengi mtaani walikuwa hivyo hivyo.

Mumewe, mlinzi wa idara ya maji, alirudi kutoka zamu. Alifunga mlango kwanza, ndipo akanong'ona. Mfuniko wa tangi kuu ulikuwa umeanguka, na ndani walielea ndege waliokufa. Bosi alijua. Aliwaonya walinzi kwamba asiyeweza kufunga mdomo atafunga virago.

Msusi akataka wamwone jirani yao, mwandishi wa habari wa redio. Mtaa mzima ulimwita Maiki.

"Walinzi tuko wawili tu," mume akasema. "Watajua ni mimi. Tutakula nini, mama?"

"Na huyu mtoto akizidiwa, baba?"

Msusi akaenda kumwita Maiki.

Maiki alisikiliza bila kurekodi. Kwanza aliwahimiza wampeleke mtoto zahanati na wachemshe maji ya kunywa. Kisha akamgeukia mlinzi.

"Shemeji, hayo ya mfuniko sitayatangaza. Hata nikificha jina lako, yatakutaja yenyewe. Nitatangaza yale ambayo kila mtu anayaona: rangi, harufu, watoto wagonjwa. Halafu nitamwomba bosi wako anionyeshe tangi."

"Akikataa?"

"Nitatangaza kwamba amekataa. Idara inaendeshwa kwa kodi ya wananchi. Kazi yangu ni kuwaulizia na kuwaletea jibu."

Msusi na majirani walizungumza redioni. Bosi naye alipewa nafasi. Alisema maji ni salama, ila tangi si mahali pa wageni.

Jioni hiyo, kila gari lilipopunguza mwendo nje, mlinzi alizima taa.

"Iache, baba," msusi akasema. "Taa yenyewe haijasema neno."

Kesho yake watu walifika kwenye geti la idara na madumu yao. Walikuwa wamesikia jibu la bosi, na hawakuridhika. Maiki alikuwepo, na diwani pia. Mlinzi alishika funguo. Bosi akamsogelea.

"Nani kawaambia hawa?" akauliza chinichini.

Mlinzi akayatazama madumu. "Pua zao, bosi."

Diwani akagonga geti.

"Fungua," bosi akasema.

Wote waliliona tangi lisilo na mfuniko, na ndege waliokufa ndani. Tangi likasafishwa, likawekwa mfuniko mpya. Idara ikakubali kutangaza redioni vipimo vya maji kila mwezi. Mtoto akapona. Mlinzi hakufukuzwa, ingawa kila alipoitwa ofisini alidhani ni siku yake ya mwisho kazini.

Mwezi mmoja vipimo havikutangazwa. Msusi, akiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja, hakugundua. Alimwona tu mumewe akivaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Maiki," mume akasema. "Akatuulizie."

Akatoka, mchana kweupe.