Dole Gumba la Shija

Selestine alikutwa kifudifudi nyuma ya ofisi ya mishahara, kichwa kimepasuliwa kwa sururu. Kwenye mpini, katika damu iliyoganda, kulikuwa na alama ya dole gumba, imetokeza vizuri kama muhuri wa posta.

Inspekta Mabula, aliyeitwa kutoka Shinyanga, aliichunguza kwa kioo cha kukuzia, akanuna. Ushahidi ulikuwa mzuri mno, naye aliuchukia.

Selestine ndiye aliyewaongoza wachimbaji wa mgodi huo wa Geita kukataa vipande vipya, yaani vitambulisho vya kazi, vyenye alama za vidole. Vipande vya zamani vilikuwa na jina na maneno ya mwajiri tu. "Kidole changu si mali ya mgodi," alikuwa akisema, na mwaka ule wa 1958, uchaguzi wa kwanza ukinukia, maneno hayo yalifika mpaka Kahama. Sasa meneja Mzungu hakuificha furaha yake. Alitaka wafanyakazi wote wapakwe wino siku ileile ili muuaji ajulikane.

Mabula aliomba apewe hadi jioni. Alijua wakishapakwa wino kwa ajili ya muuaji, mgodi hautazirudisha alama zao kamwe.

Mjane, Serafina, alisema mumewe alikuwa amelegea. Meneja alimwahidi kuwathibitishia mishahara wafanyakazi wakubwa, waandikishwe kupiga kura, maana kura ilidai kipato maalumu, iwapo vipande vipya vitakubaliwa. Selestine alikuwa amekubali.

"Nani mwingine alijua?"

"Wenziwe katika kamati ya wachimbaji. Akida na Shija."

Akida alikuwa zamu chini ya ardhi, na kundi zima lilimshuhudia. Alibaki Shija, msemaji mkali kuliko wote.

"Jina kamili?"

"Shija Ng'wandu, Bwana Inspekta."

"Kwenu?"

"Tinde."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, napika. Mke wangu mgonjwa. Jiko silionei haya, mimi ni kifungua mimba, nimewalea wadogo zangu wote."

Mabula alimtazama upya. Naye alizaliwa huko huko Tinde, kwa Wasukuma. Kwao mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata ndiye Shija. Shija kifungua mimba hajazaliwa bado.

"Kulwa na Doto hawajambo?"

"Kina nani?"

"Waliokutangulia tumboni mwa mama yako."

Mtu yule aliutazama mlango.

"Jina hili umelitoa wapi?"

Mabula akaagiza wino, wa dole moja tu. Alipouona, mtu yule aliuficha mkono kwapani.

"Usinipake. Nitasema."

Jina lake lilikuwa Cornel, Muha wa Kasulu. Aliongoza mgomo katika shamba la mkonge, na bwana shamba akamwandikia kwenye kipande kwamba ni mchochezi, asiajiriwe. Alama za vidole vyake zilikuwa zimeshachukuliwa hukohuko na polisi. Kila alikokwenda, kipande kilisomwa, akafukuzwa. Katika mji wa Kagongwa alipanga chumba na kijana mwingine aliyetafuta kazi, Shija. Kijana akafa kwa homa. Cornel akabadilisha vipande.

"Wakamzika kwa jina langu," alisema. "Mama yangu alipelekewa habari kwamba nimekufa. Amenilia, na mimi niko hapa nachimba dhahabu."

"Na Selestine?"

"Nilimpigia magoti. Nikamweleza yote, nina watoto watatu wanaokula kwa jina hili. Unajua alinijibu nini? 'Mtu safi anaogopea nini wino?' Maneno ya meneja, Bwana Inspekta, yametoka kinywani mwa Selestine. Sururu ilikuwa karibu."

Mabula alimwonea uchungu, akaandika maelezo yake hata hivyo. Cornel hakujua kutia saini. Alinyoosha dole mwenyewe.

Jioni Inspekta alikwenda kwa meneja kumwambia muuaji amepatikana, hakuna haja ya kumpaka mtu mwingine wino. Meneja alimshukuru sana. Akasema sasa kila mtu ameona ni watu wa namna gani wanaoficha vidole.

Kesho yake asubuhi, Mabula akimpeleka mfungwa Shinyanga, foleni ya kupakwa wino ilikuwa imezunguka ofisi ya mishahara, na Akida alikuwa wa kwanza. Hakuna aliyelalamika. Ambaye angekataa siku ile, angeulizwa amemuua nani.