Pumzi Zilizokatwa

Wimbo uliisha, lakini mle ndani ya hedifoni kuna mtu aliendelea kupumua.

Fundi alizivua, akazitazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai yake, akazivaa tena. Kimya. "Masikio yamechoka haya," akasema peke yake, akarudi kazini.

Studio yake ilikuwa stoo iliyopakana na jiko, kuta zimevalishwa magodoro ya zamani ili makelele ya masufuria yasipenye. Humo ndimo alimoiendesha kwaya ambayo waimbaji wake hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Nesi, seremala, mama wa mapacha, kila mmoja alijirekodi kwa simu yake, mwingine akiwa amejifungia ndani ya kabati la nguo, akaituma sauti kwenye kundi lao la mtandaoni. Fundi akazipanga zote zikawa wimbo mmoja. Aliyeongoza alikuwa mdogo wake wa kike, waliyempachika jina la Chiriku kwa sababu hata akiosha vyombo hanyamazi.

Sasa Fundi alikuwa na ugomvi na pumzi. Ile hewa anayovuta mwimbaji kabla ya kuanza mstari, wenzake wa kazi hiyo huipunguza tu. Yeye aliing'oa. Alianza na yake mwenyewe, kwenye salamu ya kuwakaribisha wageni kundini, ili ajaribu kisu chake cha kukatia sauti kwenye kompyuta. Hiyo akaifuta. Za wengine hakuzifuta. Alizishona zikawa ala mpya, ngoma ya pumzi. Ukibonyeza kinanda, kwaya nzima inavuta hewa kwa pamoja. Aliporusha ngoma hiyo kundini alisifiwa mpaka kichwa kikavimba.

"Kaka, kitu chako kinanitisha," Chiriku alimwambia. "Wanavuta, wanavuta. Mbona hawatoi?"

"Wewe imba. Ufundi niachie mimi."

Wiki hiyohiyo Chiriku alianza kukatika katikati ya mstari. Kundini nesi akaandika kwamba ngazi za wodini zimemshinda, anakaa chini kama bibi kizee. Seremala akasema hamalizi kupiga randa ubao mmoja. Watu wakataniana kwamba uzee umeingia kwa mtandao. Fundi naye alicheka, ingawa stoo ilikuwa imeanza kunuka nywele zilizoungua, hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Halafu ikaja ile adhuhuri. Jua lilikuwa kali nje, Chiriku amesimama mbele ya maiki, na Fundi alipomwonyesha kidole aanze, msichana akafungua mdomo, lakini kabla hajatoa neno sauti yake ilikwishaanza kuimba ndani ya hedifoni, safi, bila kituo, mstari juu ya mstari, kama mtu asiyejua maana ya kuchoka, na yeye mwenyewe amesimama pale mdomo wazi, mikono kifuani, macho yanamtoka, huku kwenye shingo ya Fundi kitu cha moto na chenye harufu ileile kikishusha, polepole, pumzi ndefu ya watu wengi.

Hatimaye mtu alikuwa ametoa.

Shangazi yao, ambaye watu humwita ndugu yao akipandwa na jini, alifika na kusimama mlangoni. Hakuingia.

"Hii harufu," alinong'ona, "umeisikia tangu lini?"

"Shangazi, labda ni virusi tu vya kompyuta..."

"Virusi kichwani mwako! Jini sauti anayo, mwanangu. Pumzi hana. Ndiyo maana hamalizi neno. Wewe umemchumia za watu, ukamwandalia na mkeka."

"Basi nizifute."

"Thubutu! Ukifuta umempa moja kwa moja. Rudisha kila moja pale ulipoikata, mwenyewe aisikie."

Chiriku alikuwa amelazwa kwenye sakafu ya jiko, midomo imekuwa rangi ya majivu. Fundi aliketi. Pumzi hazikuwa na majina, lakini alizijua kwa sikio: ya nesi ina filimbi kidogo, ya seremala imejaa vumbi. Alianza na ya mdogo wake, Shangazi akisoma dua kwa sauti ya chini, na magodoro ukutani yakibonyea kwa ndani kama mbavu za mnyama aliyelala, na kitu nyuma ya kiti kikimwita kwa sauti ya Chiriku, kaka, kaka, acha kwanza, kaka geuka unitazame, naye asigeuke, akapachika na kuunganisha mpaka pale pengo lilipojaa, akamwekea msichana hedifoni masikioni.

Chiriku alivuta hewa kama aliyeibuka majini. Kisha akalia.

Fundi hakulala mpaka kila mwenye chake amerudishiwa. Mmoja mmoja waliandika kundini kwamba kifua kimefunguka. Harufu ikaondoka.

"Zote?" Shangazi aliuliza akivaa viatu.

"Zote, Shangazi. Mimi sibaki na cha mtu."

Shangazi alimtazama kidogo, akaenda zake.

Asubuhi yake Fundi alifungua dirisha la stoo, akafuta vumbi mezani. Jikoni Chiriku alikuwa anaosha vyombo na kuimba, na wimbo wake sasa una vituo, kila mstari na hewa yake. Fundi alisikiliza akitabasamu. Hakuwahi kudhani pumzi ni kitu kizuri hivyo.

Simu ya Chiriku ikalia.

"Kaka!" aliita. "Salamu yako kundini ni tamu kweli. 'Karibuni wapendwa, leteni sauti zenu.' Umerekodi saa ngapi, mbona sijakusikia?"

Simu ya Fundi ilikuwa mfukoni. Alikuwa hajaigusa tangu alipoamka.

Alifungua mdomo amwambie asiijibu, awaambie watu wasitume kitu. Kifua hakikupanda. Ndipo alipoikumbuka pumzi yake mwenyewe, ile aliyoifuta. Alijaribu tena, ameshika meza kwa mikono miwili, na jikoni Chiriku akaendelea kuuliza, "Kaka? Kaka, unanisikia?"

Kwenye hedifoni zilizolala mezani, mtu alivuta hewa, akamjibu kwa sauti ya Fundi: "Nakusikia, mdogo wangu. Njoo huku uimbe."