Jiwe la Mlango wa Jikoni

Rafiki yangu Marcelina, anayetunza wazee hapa Wembley, akilisimulia hili hutetemeka kwanza kwa hasira, ndipo kwa hofu.

Kikongwe wake, Bi Hanna, alizaliwa katika kijiji cha Wajerumani ambacho baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiliingia Poland, wenyeji wakafukuzwa. Mwanawe, Martin, alikwenda kukitazama. Kanisa limebaki kuta, makaburi yamemezwa na vichaka. Akarudi na jiwe la kaburi, akaliweka nje ya mlango wa jikoni kwa mama yake liwe kidato cha kupandia.

"Kaburi la mtu unalikanyaga na viatu?" Marcelina alimfokea. "Kwetu Rombo hata mbuzi hafungwi kaburini!"

"Wenyewe hawapo tena," Martin akacheka, akaenda zake.

Giza la Desemba liliingia mapema. Marcelina alikuwa akiosha vyombo, akibamiza sufuria kwa hasira, mara mlango wa jikoni ukagongwa. Ko, ko, ko. Kwa mazoea ya nyumbani akaropoka bila kugeuka, "Karibu!"

Mlango haukufunguka. Ndipo akakumbuka kwamba ua ulio nje ya mlango ule umezungukwa na ukuta, hauna hata geti. Akafungua. Hapakuwa na mtu, jiwe tu.

Akaanza kumlaani Martin kwa sauti, lakini akakatizwa katikati ya neno. Ko, ko, ko, sasa ghorofani, kwenye mlango wa chumba cha Bi Hanna. Na yule bibi, ambaye Kiswahili chote alichookota kwa Marcelina ni neno moja, akaitikia kwa furaha:

"Karibu!"