Kohoa, Aulis!

Treni ya kwenda mji wa Kemi ilikuwa imeshauacha mji wa Oulu nyuma. Hilkka alikaa dirishani, sanduku mapajani, macho makavu. Jana hospitalini Oulu, Aulis, dereva wa lori aliyeishi naye miaka kumi na moja bila ndoa, alimwonyesha kwa kidole, herufi moja moja kwenye ubao: N-E-N-D-A. Tangu apasuliwe uvimbe kichwani alipumua kwa bomba la kooni, sauti hana. Hilkka akaona basi, yameisha. Anakwenda Kemi kwa dada yake.

Simu ikaita.

"Bi Hilkka? Ni Päivi, yule wa mazoezi ya kifua. Leo tumemtoa kwenye mashine ya kupumulia, tumemwekea kizibo cha kusemea kwenye bomba. Neno la kwanza kataja jina lako!"

"Mwambie nimekwenda, kama alivyoagiza."

"Mwambie mwenyewe. Pumzi yake fupi, usimkatize."

Ukasikika mkwaruzo, kama chura aliyenaswa ndani ya pipa.

"Hil...kka. Sikutaka... unione."

"Nikuone nini?"

"Nikinyonywa... makohozi... kwa mrija. Aibu."

"Aibu! Soksi zako za safari nimezifua miaka yote, leo makohozi ndiyo yanitishe? Mjinga mkubwa wewe!"

Abiria wakainamisha vichwa. Kwa watu wa huko, kupaza sauti ndani ya treni ni kama kuvua nguo kanisani.

Aulis akajaribu kucheka. Kicheko kikageuka kikoromo, kikoromo kikakatika.

"Aulis? Aulis!"

"Makohozi yamemkwama," Päivi akasema upesi. "Nimetoa kizibo, namkalisha. Kohoa, Aulis! Jamani, amechoka... Bi Hilkka, asipokohoa mwenyewe, leo hii anarudi kwenye mashine."

Hilkka akasimama, sanduku likaanguka.

"Mwekee simu sikioni! Aulis! Kaa wima! Kumbatia mto! Vuta... vuta tena... shikilia... KOHOA!"

"Kohoa, bwana!" akadakia mzee wa kiti cha nyuma, ambaye pengine hajamsemesha mgeni tangu aoe.

"Tena! Kutoka tumboni!"

Behewa zima likabana pumzi. Kisha simuni kikapasuka kikohozi kama barafu ya mto inayovunjika.

"Limetoka!" Päivi akapiga ukelele. "Kohozi lote! Hicho ndicho kikohozi cha dereva wa lori!"

Alipotulia, kizibo kikarudishwa.

"Hilkka... nataka... nikuoe."

"Sema tena, treni ina kelele."

Treni haikuwa na kelele hata kidogo.

"Nataka nikuoe." Pumzi moja, bila kukatika.

"Nakuja. Na mdomo huo usiufunge!"

Akashuka Kemi, akapanda ya kurudi.

Bomba lilitolewa wiki iliyofuata. Tundu la kooni likazibika, likabaki kovu. Walifunga ndoa Agosti, ofisi ya serikali, Päivi akiwa shahidi. Mkono wa kushoto wa Aulis, uliolegea tangu upasuaji, haukurudi sawasawa, lori likauzwa. Dada yake Hilkka, aliyemngoja bure, alinuna hadi Krismasi. Na yule mzee wa treni, siku ile alishuka Kemi pamoja na Hilkka, akaenda zake bila kuaga.