Wahudumu Wamo Ndani ya Bei

Ilikuwa siku ya gulio, na stendi ya Omurushaka ilifurika watu mpaka barabarani. Fuso la ndizi lilikuwa linapakiwa, wauza parachichi wanaitana, vumbi jekundu limetua juu ya kila kitu. Mwanamume mmoja alijipenyeza pembeni ya lile fuso, ndoano ya mizani ikanasa shati lake. Kifungo kikaruka, kikatua miguuni mwa fundi cherehani aliyekuwa amekaa kibarazani.

"Kaka, kifungo chako kinakukimbia," alisema fundi.

Jina lake Avelina, wa Rugera, umri miaka ishirini na tisa. Alivaa sketi ya kitenge cha njano aliyoishona mwenyewe, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mwanamume huyo alikuwa Placidius wa Isingiro, mrefu, amevaa shati jeupe lenye vifungo vya dhahabu vilivyochorwa nanga.

"Kimejua pa kukimbilia," Placidius akajibu.

"Maneno hayo umeyanunua wapi?"

"Zanzibar."

"Basi kaa nikushonee. Usitikisike, sindano yangu haina huruma."

Alishona polepole kuliko kawaida yake. Placidius akamweleza kwamba yeye ni mpishi kwenye yoti, boti ya kifahari ambayo watu huikodi kwa mapumziko, pamoja na nahodha, mpishi na baharia wake. Alikuwa amekuja nyumbani baada ya kupitia Mwanza kumwona mama yake, Celestina, ambaye figo zake zilishindwa kazi. Mara mbili kwa wiki alisafishwa damu hospitalini hukohuko, na mshahara wa Placidius ndio uliomweka hai.

"Mungu amponye," Avelina alisema, akakata uzi kwa meno. "Na hiyo boti, mtu anaikodi kwa bei gani?"

Placidius akatoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wiki moja, dola elfu saba."

"Basi imeisha hapo?"

"Bado. Hiyo ni boti na sisi. Chakula na vinywaji, elfu moja na mia nne. Mafuta na ada za kutia nanga, mia tisa. Mwisho wanatuachia bahashishi, asilimia kumi, mia saba."

Avelina akachukua chaki ya kukatia nguo, akajumlisha juu ya kipande cha kitambaa cheusi. Dola elfu kumi. Akageuza kuwa shilingi, akafuta, akarudia.

"Milioni ishirini na sita! Placidius, kwa wiki? Mkungu mmoja wa ndizi hapa ni elfu kumi. Hiyo ni mikungu elfu mbili na mia sita. Shamba la Tata, baba yangu, tangu nizaliwe halijatoa mikungu hiyo." Akaisoma karatasi tena kwa kidole. "Na wewe uko wapi humu?"

Akamwonyesha mstari wa chini: Wahudumu watatu wamo ndani ya bei.

"Kwa hiyo mimi nikiikodi hata siku moja, kwa fungate yangu, wewe nakupata?"

"Unanipata."

"Utakaa nami mezani?"

"Nitasimama nyuma ya kiti chako na sinia."

Wakacheka mpaka wapakiaji wa ndizi wakageuka kuwatazama. Alipoondoka, aliiacha ile karatasi kwenye meza ya cherehani. Namba ya simu ilikuwa nyuma yake.

Mapenzi yao yaliishi alfajiri. Wageni wa boti walipokuwa bado wamelala, Placidius alipiga simu kutoka jikoni, na Avelina alipokea akiwa anafagia uwanja.

"Umeamkaje, kipenzi?"

"Salama, baba wa sufuria. Leo unawapikia nini?"

"Pweza. Lakini jana nilipata ndizi, nikapika na maharage kama ya kwetu. Mzungu mmoja akaomba aongezwe."

"Usiwazoeshe, watakuja kuniibia."

Halafu walisali Baba Yetu. Placidius Mkatoliki, Avelina Mlutheri, lakini sala ni ileile. Avelina alianza, na walipofika kwenye mkate Placidius alipokea. "Mkate ni idara yangu," alitania siku ya kwanza, na ikawa hivyo kila siku.

Baada ya mwaka mmoja walipanga utambulisho, Jumamosi moja ya Julai. Mzee Rwezaura, baba yake Avelina, alikuwa na neno moja tu: mkwe aje mwenyewe. Kwa mila yake, siku hiyo binti humpelekea kijana kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, naye huichukua kwa mkono wake mwenyewe na kuitafuna mbele ya wazee.

Siku ilipofika, wazee kutoka Isingiro waliingia na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, wakiongozwa na Edgar, baba mdogo wa Placidius. Placidius hakuwepo.

"Kijana amekwama kazini," Edgar alisema, akitazama viatu vyake.

"Kazini? Hata waziri hupewa ruhusa."

"Nitamtafunia mimi, mzee mwenzangu."

"Kahawa ya mkwe haitafunwi kwa niaba," alisema Mzee Rwezaura, akasimama. Rubisi ikarudi Isingiro bila kufunguliwa. Avelina alibaki na kikapu mapajani, amevaa gauni la bluu alilolishona kwa wiki tatu. Alipiga simu. Haikupatikana. Kesho yake pia, na siku mbili zilizofuata. Akaamini ameonewa aibu.

Siku ya tano, alfajiri, simu ikalia.

"Usiniite kipenzi," alisema kabla hajasalimiwa. "Uliona haya kuja kwetu."

"Avelina, nisikilize. Wageni waliongeza siku sita. Tulikuwa visiwani, mtandao hakuna. Nilibahatika kumpata Edgar dakika moja tu."

"Ungeshuka."

"Nishukie wapi? Chini ni maji."

"Ungemwambia nahodha!"

"Nilimwambia. Naye akawaambia wageni. Mama mmoja akauliza kunirudisha bandarini ni gharama gani. Akaambiwa mafuta, dola mia mbili." "Akasema, basi bora abaki. Hakusema kwa ubaya. Mwishoni aliniachia bahashishi mia tatu."

Avelina alikaa chini na fagio mkononi. Alilia, akamsamehe, na wakasali. Siku hiyohiyo alipiga magoti mbele ya baba yake kumwombea nafasi nyingine. Mzee akakubali: mwezi wa Aprili, masika, wakati boti hazina wageni. "Lakini hodi ya tatu sitaiitikia," alisema.

Aprili Placidius alikuja kweli. Siku ya Alhamisi alitokea kibarazani amelowa mvua, shati lilelile jeupe, na Avelina akaruka akaangusha mkasi.

"Umekonda!"

"Wapishi hatuli, tunaonja tu."

"Jumamosi utakula kwetu mpaka uombe poo."

Ijumaa mchana walikuwa wakipima suti yake, Avelina ana pini mdomoni, simu ya Placidius ilipolia. Alisikiliza zaidi kuliko alivyojibu. Alipokata, uso wake ulikuwa wa majivu.

"Kuna kundi limekodi ghafla, wiki tatu. Jumatatu asubuhi boti inaondoka. Nisipofika, nahodha anachukua mpishi mwingine moja kwa moja."

Ili afike, ilimbidi apande basi la Jumamosi alfajiri. Avelina alitupa pini, akapanda bodaboda kwenye mvua mpaka Rugera.

"Tata, tuifanye leo."

"Ndugu wa Nyakakika wanafika kesho. Binti yangu hatolewi kwa haraka ya basi."

Alirudi ametapakaa matope. Placidius alikuwa amekaa palepale, suti ina mkono mmoja.

"Niambie nibaki," alisema. "Mpenzi, sema neno hilo moja, nitabaki."

Avelina aliinama, akaokota pini alizotupa. Akilini alimwona Celestina kitandani Mwanza na mirija mkononi. Aliomba moyoni apewe neno jingine, hakupewa.

"Wiki ijayo mama anasafishwa siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Basi nenda."

"Na sisi?"

Alifungua droo ya cherehani, akatoa ile karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, akamwekea mkononi. "Mimi nilidhani gharama inaishia kwenye dola elfu kumi," alisema. "Wanaolipa hawajui sisi nasi tunalipa nini. Hawana kosa."

Jumamosi alfajiri alimsindikiza stendi. Alikuja na kahawa, si kwenye kikapu, bali kwenye kiganja, kama apewavyo mgeni yeyote anayeaga. Placidius aliitafuna. Kifungo kimoja cha shati kilikuwa kimelegea. Avelina alikigusa, akakiacha.

"Usinipigie tena," alisema. "Nitapokea, halafu tutateseka."

Basi likaondoka.

Kesho yake aliamka saa ileile. Alifagia uwanja, akasimama, akaanza Baba Yetu. Alipofika mahali pa mkate alinyamaza, akasubiri. Migomba ilidondosha maji ya mvua ya usiku. Akasubiri tena kidogo, kisha akaendelea kufagia.