Fundi Aliyeogopa Sindano

Fundi cherehani wa mtaa wetu ni jirani yangu. Hutunga uzi huku akipiga soga, na pini huzibana mdomoni. Lakini kwa wiki tatu hakuweza kubana hata pini moja. Gego lake la chini lilikuwa limeoza.

Ajabu ni kwamba mama huyu, anayeshinda na sindano, aliogopa sindano ya daktari. Mara mbili alikalia kiti cha daktari wa meno. Mara mbili alitoka mbio, kitambaa kikining'inia shingoni.

"Mama, dawa zimepunguza uvimbe kwa muda tu," daktari alimwambia. "Jino lazima litoke. Usaha ukisambaa, utahatarisha maisha yako. Nimesomea njia ya kupunguza hofu. Inaitwa hipnosi. Unatulia, unafuata sauti yangu, mawazo yanaiacha sindano."

Fundi alisimama. "Hiyo hiyo iliyomfanya mume wangu jogoo? Sitaki!"

Kisa hicho sote tunakijua. Mwaka juzi, mumewe, seremala, aliitwa jukwaani kwenye onyesho la hipnosi. Bwana wa onyesho akamwambia, "Tulia! Sasa wewe ni jogoo." Seremala akawika na kupiga mabawa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Tangu hapo jina lake ni Jogoo, hata kwa wateja wa milango.

Daktari hakucheka. "Kesho njoo naye," alisema.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Nikilazwa usingizi, si nitatoa siri zangu zote?" aliuliza. "Na nisipoamka je?"

"Hutalala, mama. Utanisikia. Ukitaka kuacha, fungua macho tu. Yule wa jukwaani alitafuta kicheko cha watu. Aliwajaribu wengi, akabakiza waliomfuata upesi. Mimi natafuta nafuu yako. Tutafunga mlango. Nitakuuliza kwanza kuhusu afya yako, na tutapatana nitasema nini. Sindano ya ganzi utachomwa vilevile. Tena njia hii haimfai kila mtu. Isipokufaa, tutatafuta nyingine."

Fundi alimnyooshea mumewe kidole. "Lakini huyu hakujijua!"

Seremala aliangalia viatu vyake.

"Mama watoto," alisema polepole, "nilijijua."

"Unasemaje?"

"Nilisikia kila kitu. Hata kicheko chako nilikisikia. Ningeweza kukaa chini. Lakini watu walifurahi, nami nikaona raha. Tulipofika nyumbani nikaona haya, nikasema sikujijua."

"Miaka miwili nagombana na watu kwa ajili yako! Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako imekwenda mbali!"

Alikuwa na hasira kwelikweli. Kisha akamwona mumewe akifuta machozi.

"Uongo wangu ungekuua," seremala alisema. "Nisamehe, mke wangu."

Fundi alimgeukia daktari. "Kama yeye angeweza kukaa chini, basi na mimi naweza kufungua macho. Tujaribu."

"Unapotulia kabisa huwa unafanya nini?" daktari aliuliza.

"Nashona pindo refu."

Siku hiyo walifanya mazoezi tu. Siku ya tatu fundi alikalia kile kiti, akafumba macho. Daktari alizungumza taratibu juu ya kitambaa kirefu, uzi na pindo lisilokwisha. Sindano ilipoingia, fundi aliisikia. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga polepole, kama uko kwenye cherehani. Hakukimbia. Jino likatoka.

Baada ya siku kadhaa kidonda kilipona, na pini zikarudi mdomoni. Jana mteja alipita akaita, "Jogoo yupo?"

Zamani fundi angemrushia maneno. Safari hii alitoa pini mdomoni, moja moja.

"Yupo ndani," alijibu. "Mwambie awike. Hahitaji kulazimishwa."